Kochi la Mwalimu

Mwalimu hakupenda mtu aone kitanda chake. Kwake kitanda kilikuwa kama nguo ya ndani: unacho, unakitunza, lakini hukitandazi mbele ya watu. Nilipokuwa mwanafunzi wake wa sayansikimu pale Dongobesh, alikuwa akitutuma nyumbani kwake kuchukua mkasi au pasi ya mkaa, na hakuna aliyewahi kupita sebuleni. Mlango wa chumbani ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Tukitoka pale tulikuwa tunabishana kama analala kitandani au kwenye kiti.

Kwa hiyo miaka mingi baadaye, alipokuja kwenye karakana yangu akiwa amestaafu, akaniambia anataka kochi linalogeuka kitanda, sikumuuliza kwa nini asinunue kitanda tu. Nilimuuliza litawekwa wapi. Akasema, kwenye tela.

Tela hilo mji mzima tulikuwa tunalijua. Lilikuwa la wageni fulani wa kizungu, mume na mke, watu wazima, waliokuwa wakizunguka nchi na nyumba ndogo ya bati na mbao yenye magurudumu mawili, inayovutwa na gari. Msimu mmoja wa mvua ekseli ilivunjika kwenye matope ya barabara ya Mbulu. Wakaliacha tela gereji, wakasema watarudi, hawakurudi. Mwenye gereji akafugia kuku humo. Mwalimu alikuwa akipita pale kila siku ya mnada. Siku moja alisimama, akachungulia ndani, akauliza kama sakafu ni nzima. Wiki iliyofuata kuku walikuwa wamehamishwa, naye alikuwa ndani amejifunga kanga kichwani, anasugua kuta kwa brashi na maji ya moto.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, mwenye sauti ya chini. Wakati wa kushona alibana pini nyingi midomoni na kuendelea kufundisha hivyo hivyo, mpaka sisi wasichana tukazoea kumwelewa bila yeye kufumbua mdomo. Neno lake kubwa lilikuwa moja: "Fumua." Aproni yangu ya kwanza niliiwekea mfuko uliokwenda upande. Hakunigombeza. Alinipa wembe, akasema fumua, akaenda kwa mwingine. Nilifumua mfuko ule mpaka kitambaa kikaanza kuchoka, na siku uliponyooka aligeuza aproni akatazama upande wa ndani kwanza. Alituambia upande wa nje ni wa watu, wa ndani ni wa mwenye nguo. Leo mimi ni fundi wa makochi, na kazi hii niliianzia kwenye mfuko ule.

Kwenye salamu alikuwa mkali. Ukimwamkia huku unatembea hakuitikia. Ulirudi nyuma, ukasimama, ukasema "Shikamoo Mwalimu," ndipo ukapata "Marahaba" yako. Lakini akina mama wa Kibarabaig walipopanda kutoka uwanda wa Hanang kuja mnadani, wamevaa ngozi zao na vikuku, na watoto wa shule tukiwacheka pembeni, Mwalimu aliwaamkia yeye kwanza, hata wale aliowazidi umri. Tulipomuuliza, alisema ngozi zile zimeshonwa kwa mkono na hakuna mmoja wetu anayeweza kushona hivyo. Siku nzima ile hatukushika cherehani. Tulishona kwa mkono.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitufundisha kuoka keki kwa sufuria, moto juu na moto chini, na kupanga meza ya watu sita, uma upande huu, kijiko upande huu. Yeye mwenyewe alipika makande Jumapili akala mpaka Jumanne, amesimama dirishani na bakuli mkononi. Hakupenda kelele, lakini mechi ikitangazwa redioni ungemsikia mpaka barabarani, na kesho yake ukimuuliza anashabikia timu gani anakwambia mwalimu hana timu. Na hili ambalo watu walilisema zaidi: alifundisha nusu ya wanawake wa wilaya namna ya kutunza nyumba, naye hakuwahi kuwa na nyumba. Maisha yake yote alikaa nyumba za shule. Alizipaka chokaa, akapanda maua, akashona mapazia, na kila alipohamishwa aliacha mapazia yakining'inia kwa sababu madirisha ya shule inayofuata yalikuwa na vipimo vingine.

Si kwamba hakuwa na mpango. Mpango ulikuwepo, na ulikuwa wa watu wawili.

Katika shule yetu alikaa nyumba moja na mwalimu wa hesabu, mama mrefu, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume. Walikaa pamoja miaka mingi. Jioni ungewakuta wamekaa kwenye ngazi ya nyuma, mmoja anasahihisha madaftari, mwingine anapinda mapindo, hawaongei, na hakuna anayeonekana kuhitaji maongezi. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakistaafu watajenga vyumba viwili pale Dongobesh, washone sare za shule na kuoka mikate. Sisi wanafunzi tulilijua jambo hilo kwa sababu walikuwa wakijadili kwa sauti dirisha la jikoni litazame wapi. Mwalimu wa hesabu alistaafu kwanza. Mtoto wake alikuwa amepata kazi Dodoma, akamchukua mama kwenda kupumzika kidogo. Mapumziko yale hayakuisha.

Mwalimu alipostaafu naye, ilibidi akabidhi nyumba ya shule. Mtoto wa kaka yake alimwandalia chumba kijijini kwao, upande wa juu wa Mbulu. Alikwenda, akakaa msimu mmoja wa mahindi, akarudi na mabegi yake. Aliniambia hawakumkosea. Walimpa chumba kizuri na watoto walimheshimu. Ila kila asubuhi alikuwa anasubiri kusikia kama wenyewe wameamka, ndipo naye atoke. Alisema amechoka kukaa kwa kusikilizia.

Ndipo tela likawa lake: mwenye gereji alimuuzia, akaliwekea ekseli nyingine. Nilimwambia alisimamishe kwenye kiwanja changu, nyuma ya karakana, penye uzio wa michongoma. Lilivutwa na trekta asubuhi moja ya ukungu, na akina mama waliokuwa wanakwenda shambani wakasimama kutazama nyumba inapita barabarani.

Tulianza kazi ya kochi mwezi wa sita, wakati baridi ya kule juu inaingia mpaka kwenye mifupa. Alipima yeye, kwa futi yake ya kushonea nguo, akizunguka kuta kama anampima mtu kiuno na mabega. Tela lilikuwa dogo. Ukinyoosha mikono unagusa huku na huku. Alitaka mchana pawe sebule: mgeni aingie, akute kochi, meza ndogo na kalenda ukutani, akae anywe chai asijue kwamba hapo hapo mtu analala. Usiku pawe chumba. Na chini ya kochi pawe na nafasi ya cherehani na vitambaa.

Alinitajia urefu. Nikamtazama.

"Mwalimu, urefu huu ni mwingi. Wewe utalala na nafasi ibaki."

"Mwenzangu ni mrefu," alisema, akaendelea kukunja futi.

Hakumtaja na sikuuliza. Akaongeza kwamba likifunguka liwe la kulala watu wawili bila kusukumana, lakini likifungwa liwe jembamba, linalomtosha yeye peke yake.

Nilichagua mbao za saipresi kwa sababu ni nyepesi. Mninga ungeyalemea magurudumu yale. Nilitengeneza fremu mbili zenye chaga. Chaga za fremu moja zilipita katikati ya chaga za nyingine, kama unavyoingiza vidole vya mkono huu katikati ya vidole vya mkono ule. Ukivuta fremu ya mbele, inatoka na miguu yake miwili, vidole vinaachana nusu, na upana unakuwa mara mbili. Kisha egemeo la sponji linashushwa, linakaa kwenye upande uliovutwa, na hapo una godoro zima. Nilijivunia sana fremu ile. Niliiunga karakanani, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini kama sabuni, tukaibeba mimi na yeye mpaka mlangoni kwa tela. Haikuingia. Tuliilaza, tukaisimamisha, tukaitanguliza kona. Mlango ulikuwa mwembamba na wote wawili tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa mlango. Mwalimu alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Sijawahi kumwona akicheka hivyo kabla wala baada. Alipotulia alisema, "Fumua." Nikafungua skrubu zote, nikaingiza kipande kimoja kimoja, nikaiunga upya humo ndani nimepiga magoti.

Foronya za sponji alishona mwenyewe, kitambaa cha kijani kizito, zipu zimefichwa nyuma. Alishona na mito mitatu, na wa tatu aliutariza maua, akauweka ndani ya mfuko wa nailoni, akasema huo ni wa mgeni.

Mtoto wa kaka yake alikuja wakati bado tunafanya kazi. Ni mtu mpole, mkulima wa vitunguu saumu, na alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliamkia, akasimama muda mrefu akitazama bati la tela, ndipo akasema lililomleta.

"Shangazi, kule nyumbani watu wanasema tumekutupa kwenye banda la kuku."

"Waambie nimejitupa mwenyewe," Mwalimu alisema. "Kaa. Kunywa chai."

Hapakuwa na pa kukaa isipokuwa kwenye chaga tupu, akakaa hapo, akanywa. Alipoondoka alinivuta pembeni ya uzio akaniomba nimpigie yeye simu shangazi yake akiumwa, kwa sababu shangazi mwenyewe hatasema. Nilimwahidi.

Akaanza kuishi humo. Asubuhi nilipofungua karakana, pazia la tela lilikuwa limeshafunguliwa na yeye ameshakaa kwenye kochi, amenyooka, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Simu aliiweka kwenye kona ya dirisha, mahali pekee penye mtandao. Wanafunzi wake wa zamani walipita barabarani, wakaamkia kutoka mbali, wakaenda zao. Kila mtu alikuwa na haraka. Jioni alikuja karakanani akaokota vipande vya vitambaa nilivyotupa, akavipanga kwa rangi, akaniambia mwenzake amepiga, amesema anakuja mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha. Kisha akasema anakuja baada ya mvua. Fremu ile ya mbele haikuvutwa. Najua kwa sababu nilikuwa nimepaka nta kwenye chaga, na nilipoingia kukaza skrubu moja nikakuta nta imekaa kama nilivyoiacha. Alikuwa analala kwenye upande ule mwembamba, na ule mwingine anautunza.

Kisha mwenzake akaja kweli. Mtoto wake alikuwa na msiba Mbulu, akampakia mama kwenye gari wapitie Dongobesh. Walipiga simu siku moja kabla. Alfajiri nilimkuta Mwalimu amefungua kitanda, ametandika mashuka meupe ya kutarizi, anazunguka anakagua kona. Kisha akayatoa, akayakunja, akafunga kochi, kwa sababu mgeni hawezi kufikia kitandani. Aliniomba nimletee maziwa na niwepo, maana mimi ndiye niliyetengeneza.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amenenepa, miguu imevimba, na ngazi ya tela ilimshinda mpaka tukamshika huku na huku. Alikaa kwenye kochi akahema. Walishikana mikono muda mrefu bila kusema, kama zamani kwenye ngazi ya nyuma. Kisha akatazama huku na huku, akasifia mapazia, akasifia kalenda.

"Sasa kitanda kiko wapi?" aliuliza.

"Umekikalia."

Alicheka, akapapasa kitambaa cha kijani. "Hebu nionyeshe kinavyofunguka."

Nilikuwa nimeshainuka kusogeza meza. Mwalimu akaniwekea mkono begani, nikakaa.

"Utakiona siku utakayolala," alisema.

Mwalimu wa hesabu aliinamisha macho akatazama miguu yake. Akaanza kusema kwamba daktari amemkataza kukaa mbali na hospitali, kwamba wajukuu wamemzoea, kwamba Dodoma kuna joto lakini unalizoea. Mwalimu alikuwa anaitikia kila neno na kumwongeza chai. Nje mtoto wa mgeni alikuwa hajazima gari. Baada ya kikombe cha pili alikuja mlangoni, akaamkia kwa adabu, akasema, "Mama, tutachelewa." Tukamshusha mgeni kama tulivyompandisha. Alimwachia Mwalimu kitenge kipya na mfuko wa zabibu za kwao Dodoma.

Mwalimu aliosha vikombe, akavifuta, akavirudisha.

"Nitafutie gari lenye nguvu ya kuvuta," alisema.

Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Gendabi, kule uwandani Hanang. Wale akina mama wa Kibarabaig wameniomba siku nyingi nikawafundishe kushona. Nilikuwa nasema nina mgeni."

Nilimwambia kule ni upepo na vumbi na hana ndugu. Alisema huku pia hana. Hakulisema kwa ubaya, na mimi sikuona ubaya, ingawa liliniuma mpaka jioni. Pikapu ilipatikana, na siku ya kuondoka akina mama walewale wa shambani walisimama tena kutazama nyumba inapita barabarani, safari hii inateremka.

Nilikwenda kumwona mara moja tu, mwaka jana, nilipokuwa nimeteremka Katesh kununua vitambaa. Nilichukua bodaboda mpaka Gendabi. Tela lilikuwa limesimamishwa kando ya boma la wafugaji, mlima Hanang nyuma yake umevaa wingu, na bati lilikuwa limeanza kutoka rangi. Alikuwa amevaa sweta la kiume, macho yamefifia, akanijua kwa sauti. Aliniita "wewe msichana", mimi mwenye watoto wakubwa. Wanafunzi wake walikuwa wameondoka kwenda kunywesha ng'ombe. Alisema huja siku ng'ombe wakiwaruhusu.

Nilipoingia ndani niliona kochi limepungua. Nilipiga magoti kutazama. Fremu ya mbele haikuwepo, na chaga zilizobaki zilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto. Pale ambapo ingevutwa aliweka meza ya cherehani.

Alinieleza huku anachochea jiko. Mama mkwe wa jirani alianguka akaumia nyonga. Alikuwa amelazwa chini kwenye ngozi, na sakafu ya udongo ilikuwa na baridi. Mwalimu alifungua skrubu mwenyewe, akawapa fremu, na egemeo la sponji, na ule mto uliotarizwa. Bibi yule alilala juu yake mpaka alipofariki. Walitaka kuirudisha, akakataa. Sasa wanailalia watoto.

Nilimwambia nitatengeneza nyingine. Vipimo bado ninavyo kichwani, nitaileta vipande vipande, safari hii nikijua mlango.

"Usitengeneze," alisema.

"Mwalimu, na akija?"

Alifunika sufuria kwanza. "Hapigi tena. Nami sipigi. Mtoto wake alisema mama amesahau watu." Akakaa kwenye kile kilichobaki. "Nilikuwa naamka naweka nyumba tayari. Sasa naamka tu."

Niliuliza kama amepazoea. Alifikiri, akasema mchana amepazoea. Majirani ni watu wema, wanamletea maziwa kila asubuhi, lakini lugha yao hajaishika vizuri na wao Kiswahili ni cha mnadani, kwa hiyo wakishaulizana habari za ng'ombe na za mvua maneno yanaisha, wanabaki kutazamana. Alisema hilo si baya. Nilimwomba turudi wote Dongobesh, kiwanja kipo, uzio umekua. Alinishukuru kwa namna ambayo ilimaliza mazungumzo, akanipakulia makande, tukala.

Alasiri alinisindikiza mpaka barabarani. Upepo ulikuwa mkali na alitembea akiwa ameshika sketi kwa mkono mmoja. Tulisubiri gari tukiwa tumeupa upepo mgongo. Aliniuliza kama bado natumia gundi ile inayonuka, nikasema natumia, akasema nifungue dirisha. Gari lilipotokea alinisukuma kidogo mgongoni, kama alivyotusukuma kuingia darasani.

Nilikaa kiti cha nyuma nikafuta vumbi kwenye kioo. Alikuwa ameshageuka anarudi, polepole kuliko nilivyomzoea. Nilitazama bomani kama kuna mtu atatoka kumpokea. Palikuwa na ndama wawili wamefungwa, na nguo zilizoanikwa juu ya miiba. Alifika, akapanda ngazi kwa kushika ukuta, akafungua mlango mwenyewe, akaingia.